Penseli Niliyoifuta kwenye Kadi ya Bibi Loretta

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumanne asubuhi, pale Wheaton, katika duka la fremu nililokuwa nikifanya kazi, na mkononi nilikuwa nimeshika raba. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sikuwa mwizi, sikuwa mvivu, na hakuna aliyewahi kunisikia nikimjibu mkubwa vibaya. Nilikuwa msafi tu, tena msafi wa kupindukia, na usafi wenyewe ndio ulionifikisha pabaya.

Najua mtanicheka. Ninyi watoto wetu mliokulia huku Maryland, Marekani, tukiwasemesha kwa Kiswahili mnajibu kwa Kiingereza, na mnasema Auntie Rukia akianza hadithi zake hata chai inapoa. Basi iacheni ipoe leo. Hii si hadithi ya kunisifu.

Mwenye duka alikuwa Papa Mulamba, mzee wa Lubumbashi, mji wa migodi kule Kongo, ambaye kazi yake tangu ujana ilikuwa kutia picha na karatasi za watu kwenye fremu. Kiswahili chake kilijaa Kifaransa, changu kilikuwa cha Mombasa, na kila mmoja alimwona mwenziwe anakosea. Mikono yake ilikuwa minene lakini myepesi, na karatasi ya mtu aliishika kwa vidole viwili tu. Alinifundisha kwamba kioo hakitakiwi kugusa karatasi, kwamba gundi ni adui, na kwamba karatasi kuukuu hushikiliwa kwenye pembe zake kwa vijifuko vidogo vya karatasi safi, ili siku yoyote mwenyewe akiitaka itoke kama ilivyoingia. Alinikataza mkasi, alinikataza maji, alinikataza hata kupuliza vumbi kwa mdomo. Raba hakunikataza, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kuna mtu angeitumia.

Mwaka huo tulipata kazi kubwa kutoka kwa Bibi Loretta. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa Temple Hills, mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu aliyevaa kofia hata siku za joto. Kiswahili alikisoma ukubwani, katika darasa la jioni, na alikizungumza kwa sentensi nzima nzima, hapunguzi hata silabi. Akiingia dukani alisema, "Hamjambo, ndugu zangu. Je, kazi yangu inaendeleaje?" Papa Mulamba alimjibu kwa Kiswahili chake cha mgodini, nami nilijibana nisicheke. Siku hizi naona haya kukumbuka kile kicheko, maana yule bibi alijifunza lugha yetu kwa hiari, na mimi niliyezaliwa nayo sikufanya juhudi yoyote.

Kwa miaka arobaini Bibi Loretta alikuwa akikusanya karatasi za besiboli ya zamani. Alikuwa na zile kadi ndogo zenye sura za wachezaji zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara. Alikuwa na tiketi, vijitabu vya kanuni, na mabango ya kutangaza mechi ambayo kila moja lilibanduliwa ukutani na mtu fulani kabla ya mvua. Alizozipenda zaidi zilikuwa karatasi za timu za Weusi, zilizocheza Jumapili kwenye viwanja vya Washington na Maryland wakati ambapo Weusi na Wazungu hawakuruhusiwa kucheza pamoja. Zilichapishwa chache, kwa karatasi duni, na waliofikiria kuzitunza walikuwa wachache zaidi. Sasa alikuwa amepewa ukumbi kule Upper Marlboro azionyeshe kwa mwezi mzima. Vipande thelathini. Sisi tulikuwa wa kuvitia kwenye fremu vyote, kuandika maelezo ya kila kimoja, na kwenda kuvitundika.

Cha mwisho alikileta mwenyewe ndani ya bahasha, akamkabidhi Papa Mulamba kwa mikono miwili. Ilikuwa kadi ya mchezo. Nikueleze ni kitu gani, maana hata mimi sikujua. Zamani mlangoni mwa uwanja iliuzwa karatasi iliyokunjwa katikati. Ndani yake yamechapishwa majina ya wachezaji, na mbele ya kila jina kuna mstari wa visanduku vitupu. Mtazamaji hukaa na penseli, na kila mchezaji akisimama kupiga mpira, hujaza kisanduku kwa alama ndogo: alipiga au alikosa, alikimbia akafika kituo gani, au alitolewa. Ukijua kuzisoma zile alama, unaweza kuuona mchezo mzima tangu mwanzo mpaka mwisho, hata kama waliocheza wote wameshafariki.

Mimi sikujua kuzisoma. Nilipoifungua ile kadi Jumanne ile, Papa Mulamba akiwa amekwenda kuchukua vioo, niliona karatasi ya kale iliyochapishwa vizuri, wino wake bado mweusi, halafu nikaona mtu ameichafua kwa penseli. Vimstari, vinukta, vijiduara, na jina moja lililochapishwa limekatwa na juu yake pameandikwa jingine kwa mkono.

Sasa lazima nikwambie nilikotoka ili unielewe, si ili unionee huruma. Chuoni kwetu Mombasa, tulikosomeshwa Kurani utotoni, mwalimu wetu Bi Zuhura hakuvumilia alama ya mkono kwenye kitabu kilichochapishwa. Kwake ilikuwa utovu wa adabu. Vitabu vilikuwa vichache na vilipita kwa watoto wengi, na kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, sisi wasichana wakubwa tulikaa barazani kwake na raba zetu, tunavifuta ukurasa kwa ukurasa, mpaka kitabu kirudi kama kilivyotoka kwa mchapaji. Niliifanya kazi ile vizuri kuliko wenzangu wote. Bi Zuhura alikuwa akiwaonyesha wageni vitabu nilivyofuta mimi. Kwa hiyo nilipoishika kadi ya Bibi Loretta, mkono wangu haukusita. Nilifikiri namfanyia heshima. Nilifikiri atakuja kuiona mpya, atafurahi, na Papa Mulamba atasema huyu binti ana jicho.

Nilifuta kwa subira, mwanangu. Nilianzia juu nikateremka. Pale palipokuwa peusi zaidi, kwenye kisanduku cha tatu cha ule mstari wenye jina lililokatwa, nilisugua kwa nguvu mpaka karatasi ikaota manyoya kidogo. Nikayapangusa mabaki kwa brashi laini, nikaitia kadi kwenye vijifuko vyake, nikafunika kioo. Ilipendeza. Nilikaa nikaitazama nikiwa nimeridhika kabisa.

Kesho yake Bibi Loretta alipiga simu. Alitaka kunisomea maelezo ya ile kadi ili niyaandike. Nikachukua kalamu. Alinisomea kwa Kiingereza, polepole, kama mwalimu anavyosomea imla, na mimi nakupa kwa Kiswahili.

"Kadi hii ilikuwa ya mama yangu. Alikuwa msichana, alikuja uwanjani na dada zake. Siku hiyo mchezaji mmoja hakufika, na kijana aliyekuja kutazama tu aliitwa aingie mahali pake. Mama alimuuliza jirani yake yule ni nani, akalikata jina lililochapishwa, akaandika jina la kijana kwa penseli. Baadaye kijana huyo akawa mume wake. Baba yangu hakucheza tena na timu ile, na jina lake halikuchapishwa popote. Lipo hapa tu."

Kisha akarudi kwenye Kiswahili chake. "Je, umeandika yote, binti yangu?"

"Nimeandika, Bibi," nikasema.

"Ahsante sana. Katika familia yetu wapo waliosema kwamba mama alitunga. Sasa watakuja wataona kwa macho yao."

Nikaweka simu chini. Ningeweza kumwambia pale pale, na sikumwambia. Nilisema nimeandika, basi. Nataka ujue hivyo, kwa sababu watu wakisimulia makosa yao hupenda kuruka sehemu hiyo.

Papa Mulamba alikuwa chumba cha nyuma akikata mbao. Mimi nilifungua fremu, nikaitoa kadi, nikaiweka mezani. Nilikumbuka jina ni Clarence, kwa sababu nilikuwa nimelisoma wakati nalifuta. Nilikumbuka mwandiko ulilala kulia. Zile alama nyingine sikuzikumbuka, lakini nani angejua? Nikatafuta penseli laini, nikaichonga, nikachukua kipande cha karatasi kuukuu nikaanza kujaribu herufi C. Ya kwanza ilitoka ngumu. Ya tano ilikuwa nzuri sana. Ningekwambia mkono ulitetemeka ningekuwa nadanganya, haukutetemeka hata kidogo.

"Unafanya nini na ile crayon?" Papa Mulamba aliuliza, penseli akiiita kwa Kifaransa. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na sijui alikuwa pale tangu lini.

Nilimwambia. Yote, moja baada ya jingine, nikiwa sijageuka. Alivuta kiti akaketi. Alitazama kadi, akatazama karatasi yangu yenye C nyingi, na hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Sikiliza, fille," akasema, maana binti kwake ni fille. "Ile ya kwanza ulifanya bila kujua. Mimi naweza kwenda kwa ule mama, nimwambie, mtoto huyu hakujua. Lakini ukiandika sasa, utaandika ukijua. Pale mimi sina la kumwambia. Na wewe pia hautakuwa nalo."

"Hatajua, Papa."

"Wewe utajua. Tena ule mama ataleta watu, atawaonyesha C yako, atalia mbele ya C yako. Utamwacha alie juu ya mwandiko wako?"

Aliichukua penseli mezani akaitia mfukoni mwake, akaniambia nivae koti.

Kutoka Wheaton mpaka Temple Hills si mbali ukiwa huna la kuogopa. Siku ile barabara kuu ilikuwa imefungana magari, na niliomba Mungu izidi kufungana. Papa Mulamba aliendesha bila redio. Bahasha ilikuwa mapajani mwangu.

Bibi Loretta alitukaribisha sebuleni, akataka kututengenezea chai, na Papa Mulamba akamwambia, "Apana, maman, kwanza mtoto ana neno." Kisha akanigeukia. Alikuwa ameniahidi kunitetea, lakini hakuniahidi kusema kwa niaba yangu.

"Bibi," nikasema, "ile kadi naliifuta. Maandishi ya penseli yote. Naliona ni uchafu, nikataka ikupendeze. Sikujua ni ya mamako. Na leo ulivyopiga simu ukanisomea, nalijua, nikanyamaza."

Alinyoosha mkono, nikampa bahasha. Alivaa miwani. Aliitazama kadi muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena. Halafu alilia, mwanangu. Alilia kimya kimya, machozi yakimshuka chini ya miwani, na hakuyafuta. Nimefiwa na wazazi wote wawili baada ya hapo, lakini kilio kile bado kinaniuma kwa namna yake, kwa sababu mimi ndiye niliyekileta nyumbani kwa mtu.

Papa Mulamba aliomba taa ya mezani. Alizima taa ya juu, akavuta mapazia, akailaza ile taa chini kabisa mezani ili mwanga uje kutoka ubavuni. Akaiweka kadi mbele yake, akaiinamisha taratibu. Penseli huacha rangi, lakini ikikandamizwa huacha pia mfereji mwembamba kwenye karatasi, na raba inaondoa rangi tu. Tukainama sote watatu.

"C," akasema Bibi Loretta. Kidole chake kilikuwa juu ya kadi bila kuigusa. "L. A. Siioni inayofuata. E, N, C, E." Akavuta pumzi. Akahamia kwenye visanduku. Alikuwa anajua kuzisoma alama zile kama mimi ninavyosoma Juzuu Amma ya Kurani. "Mara ya kwanza alitolewa. Mpira wake ulidakwa. Mara ya pili alipiga, akafika kituo cha kwanza." Alitabasamu kidogo. Halafu akafika kisanduku cha tatu, akainamisha kadi huku, akainamisha kule, akasogeza taa. Pale karatasi ilikuwa na manyoya. Hapakuwa na mfereji wala kivuli.

"Mara ya tatu sijui," akasema. "Kadi hii ilinifikia siku chache tu zilizopita, nami nililisoma jina peke yake; visanduku nilikuwa nimeviweka mpaka siku ya maonyesho."

Nilimwomba anisamehe. Hakunijibu haraka, na nashukuru, kwa sababu msamaha wa haraka nisingeuamini. Alizima taa, akafungua mapazia, ndipo akasema na mimi kwa sentensi zake kamili.

"Nitakusamehe, binti yangu, lakini si leo. Leo nina hasira. Kadi hii itaonyeshwa hivyo hivyo ilivyo, na taa itakuwa ubavuni. Hakuna mtu atakayeandika juu yake. Maelezo yake utayaongeza wewe mwenyewe. Utasema ukweli wa kilichotokea."

Niliyaandika usiku na mchana kichwani kabla ya kuyatia kwenye karatasi. Mwisho yakawa mafupi: maandishi ya penseli yalifutwa na fundi wa fremu aliyedhani ni uchafu, jina na alama mbili za mwanzo zinaonekana kwa mwanga wa pembeni, alama ya tatu imepotea. Bibi Loretta aliyasoma, akaondoa neno moja. Nilikuwa nimeandika "kwa bahati mbaya." Alisema haikuwa bahati, ulikuwa mkono.

Siku ya kufungua maonyesho ukumbi ulijaa. Watu wa familia yake walikuja na suti zao, hata wale waliosema mama alitunga, wakapanga foleni kuinama mbele ya ile kadi. Mzee mmoja, binamu yake, alipomaliza kusoma maelezo aliuliza kwa sauti ni mjinga gani aliyefanya haya: "Who's the fool that did this?"

Nilitamani sakafu inimeze. Bibi Loretta alikuwa karibu. Alinishika mkono, akanivuta mbele.

"She did," akasema. "And she came to my house and told me. Everything you like on these walls, her hands put it there." Yaani ni mimi, nilikwenda kwake mwenyewe nikamwambia, na vyote walivyovipenda ukutani vilitundikwa kwa mikono yangu.

Yule mzee alinitazama. Akainama tena akaisoma kadi mara ya pili, akasema kwamba jina analiona: "Well, I can see his name." Akaondoka akaenda kuwaita wajukuu zake.

Nilidumu na Bibi Loretta miaka kumi na mitatu baada ya hapo. Msamaha wake ulikuja, siku asiyoitangaza; niliujua tu aliponipigia simu niende kumsaidia kupanga kadi zake za sigara. Alinifundisha kusoma alama zote za besiboli, na wanangu wanadhani niliupenda mchezo huu tangu zamani. Alipougua, nilikuwa nakwenda Temple Hills kila Alhamisi na kikapu cha mahamri. Alhamisi moja aliniuliza, bila lawama yoyote, kama mtu anavyouliza saa.

"Rukia, ile alama ya tatu. Je, ilikuwa duara, au mstari?"

Nilifumba macho nikajaribu. Nimejaribu mara nyingi kabla ya siku ile na mara nyingi baada yake. Niliuona mkono wangu, niliiona raba, niliuona weusi. Umbo sikuliona. Nikamwambia sikumbuki.

"Najua," akasema. "Nilitaka kuuliza tu."

Alifariki hajajua kama baba yake alifika au alitolewa. Na duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na uwezo wa kumwambia. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuiona alama ile, mwanangu. Ilikuwa chini ya macho yangu, asubuhi, kwenye mwanga mzuri, nami sikuitazama, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuwa ni uchafu.

Basi nasaha yangu kwako ni hii, na sina nyingine iliyonigharimu kama hii. Ukipewa kitu cha mtu mzima ukitunze, kiwe karatasi, kiwe nyumba, kiwe jina, usianze kukirekebisha. Kitazame kwanza. Pale unapoona doa au kosa, pale ndipo umuulize mwenyewe maana yake, angali hai, hata kama swali litakufanya uonekane mjinga. Mimi nilikataa kuonekana mjinga kwa dakika moja, nimekuwa mjinga wa kuandikwa ukutani. Na kama mkono umeshafanya, kaseme siku hiyo hiyo. Usikae chini kuchonga penseli. Utakuta hasira, utastahimili hasira, na baada ya hasira huenda ukabaki na mtu.

Mola akujaalie macho yasiyo na haraka. Akupe mkubwa kazini atakayekuzuia bila kukuaibisha, na moyo wa kubisha hodi kwa uliyemkosea kabla jua halijatua. Wazee wako wakuishie mpaka umalize kuwauliza yote unayotaka kuwauliza. Amina.